Githeri Mpya, Leteni Disketi

Niseme mapema kwamba mimi sijui kompyuta na sina haja ya kuijua. Mimi ni Wamaitha, mwenye hoteli nyuma ya soko la Wakulima hapa Nakuru, na ninachokijua ni chapati, matumbo, chai ya maziwa na githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja. Lakini kuna mfumo wa kompyuta ambao umepewa jina la chakula changu. Mtu akiniuliza kama najivunia, najivunia. Akiniuliza kama ulinisumbua, nitamwambia avute kiti.

Mambo yalianzia chumba cha nyuma, ambako zamani nilikuwa naweka magunia ya mahindi. Mzee Harjit Singh, mwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga unga, alikuja siku moja akiwa amebeba kompyuta kuukuu, kubwa kama banda la kuku. Mkewe Kamaljit alikuwa amemwambia achague: hilo dude au yeye. Harjit alichagua mke, halafu akaja kwangu kulitafutia dude makao. Nilimpenda kwa hiyo busara, nikahamisha magunia.

Hakuja peke yake. Alikuja na Mburu, fundi wa redio na televisheni ambaye kibanda chake kiko karibu na stendi, na Mwalimu Jelagat, anayefundisha hesabu katika shule ya wasichana upande wa Rongai. Huyu Jelagat nilimjua tayari, kwa maana kila Jumamosi huniletea maziwa ya ng'ombe wa mama yake. Watatu hao walijuana kwenye saiba, duka la kulipia intaneti, wakigombania printa moja, kila mmoja akitaka kuchapisha makaratasi ya kitu kile kile. Tangu siku hiyo wakawa pete na kidole.

Kitu chenyewe kinaitwa mfumo endeshi. Nitaeleza nilivyoelezwa. Kompyuta ikiwashwa huwa haijijui. Kuna programu ya kwanza kabisa inayoiamsha na kuiambia, hili ndilo jicho lako, huu ndio mkono wako, na hapa ndipo ulipoweka vitu vyako jana. Basi hao wangu walikuwa wakiandika programu ya namna hiyo wenyewe, kuanzia mstari wa kwanza, bila kuazima kwa mtu.

"Si kompyuta hununuliwa ikiwa na hiyo kitu tayari?" nilimuuliza Mburu.

"Iko nayo, mathe."

"Na inafanya kazi?"

"Fiti kabisa."

"Na hiyo yenu?"

"Yetu sasa inaweza kujua ukibonyeza A. Tumefurahi sana. B bado."

Niliangua kicheko mpaka mteja mmoja akadhani ninamcheka yeye. Watu wazima na akili zao, mmoja ana wajukuu, wamejifungia chumbani Jumamosi nzima kutengeneza kitu ambacho kipo, kinauzwa, na kinafanya kazi kuliko chao. Nikamwambia Harjit hivyo hivyo, sikumung'unya maneno. Yeye hakukasirika. Alinyoosha kidole mlangoni, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia niliyoipanga mbele ya hoteli na kupanda maua.

"Mama Wamaitha, ile maua yako, unauzia nani?"

"Siuzi."

"Wateja nakula?"

"Hawali."

"Na huko Naivasha, maua iko mashamba mzima, mpaka naenda Ulaya na ndege. Sasa wewe iko panda ya nini?"

Nikamwambia chai yake inapoa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazimu huo si wa Nakuru peke yake. Walikuwa na wenzao kwenye intaneti, watu wa kila nchi, kila mmoja na mfumo wake ambao hakuna aliyemwomba autengeneze. Kulikuwa na daktari wa meno huko Bulgaria ambaye mfumo wake ulijua kuchora saa tu, saa nzuri mno, na hakutaka ujue kitu kingine. Kulikuwa na bibi mstaafu wa Brazili ambaye alikuwa akiandika wake tangu wanawe wakiwa shuleni. Mara walisema fulani amechoka, ameacha. Baada ya miezi walikuja wakipiga makofi: amerudi, ametoa toleo jipya! Daktari wa meno ndiye aliyewasaidia kupata herufi B.

Jina nililitoa mimi, ingawa bila kujua. Walikuwa wakibishana wauite nini, nikaingia na sahani nikasema, "Githeri." Nilikuwa natangaza chakula. Wakatazamana. Jelagat akasema sawa kabisa, kwa sababu kila mmoja ameleta punje zake na zote zimetiwa sufuria moja. Harjit akasema yeye ndiye chumvi. Nilimwambia yeye ni pilipili, na asijaribu kujipunguza.

Githeri ilizungumza Kiswahili, na hicho ndicho kitu pekee nilichokielewa. Ikiamka iliandika, "Githeri imeiva. Karibu." Ukitafuta kitu kisichokuwepo ilisema, "Sioni. Uliweka wapi?" kama mke anayeulizwa soksi. Na programu ikikwama, ikawa haiendi mbele wala nyuma, kulikuwa na amri ya kuimaliza. Unaandika "ua", unataja jina la hiyo programu, nayo inazimika. Herufi mbili tu. Mburu alikuwa ameichagua kwa sababu ni fupi na mtu mwenye hasira haandiki maneno marefu.

Halafu ikaja kura ya Desemba 2007 na yaliyoifuata. Sina haja ya kuyaeleza. Aliyekuwepo anayajua, na ambaye hakuwepo ashukuru. Nilifunga hoteli, tukakaa ndani, na kafyu ikipigwa hata mbwa walinyamaza.

Nilipofungua tena, mwezi wa Machi, wa kwanza kubisha walikuwa hao watatu. Niliwakumbatia mmoja mmoja, hata Mzee Harjit ambaye hajazoea kukumbatiwa na wenye hoteli. Kumbe muda wote huo, kila mmoja huko alikojificha alikuwa akiendelea na Githeri. Harjit nyumbani kwake, Mburu chumbani kwake mtaa wa Free Area kwenye kompyuta aliyoiokota vipande vipande, Jelagat kwenye zile za shule zilizofungwa. Mji ulikuwa unawaka moto na wao walikuwa wakitafuta sababu ya herufi Q kujiandika mara mbili. Nilitaka kuwacheka, lakini nikaenda kuwachemshia chai.

Jumamosi hiyo programu moja ikakwama, kama kawaida. Mburu akaandika "ua". Jelagat akaweka kikombe chini.

"Toeni hiyo command," akasema.

"Gani?"

"Hiyo. Hilo neno."

Mburu akacheka kidogo. "Mwalimu, program imekataa kuskia. Sasa tuiombee?"

"Tuandike pumzisha. Tuandike simamisha. Neno lolote. Mimi nililala chini ya kitanda nikiskia watu kwa barabara wakiimba hilo neno. Ua, ua, ua. Sitaliandika na mkono wangu."

Mburu aliacha kucheka.

"Na mimi nilizika binamu yangu Molo," akasema. "Hakupumzishwa, Mwalimu. Aliuawa. Tukianza kuchagua maneno tamu tamu, kesho tutaambiwa hakuna kitu ilifanyika."

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi mbaya kama huo. Ukiwa na haki na mwenzako hana, utamsamehe. Hapa nani angemsamehe nani? Jelagat alichukua mkoba wake akatoka. Mburu alitoka baadaye, kwa mlango mwingine. Harjit alibaki akiitazama skrini, na githeri yake ikapoa mbele yake.

Mwaka huo watu wa Nakuru walinuniana kwa mambo makubwa: kura, mashamba, vyama. Wangu walinuniana kwa herufi mbili. Na mimi, niseme ukweli, liliniuma hilo kuliko yale makubwa. Yale makubwa hayakukaa kwenye meza yangu. Nilitaka watu wangu watatu warudi mezani, basi, sikuwa na ombi lingine.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeacha kazi. Jelagat aliendelea kuleta maziwa, akiyaweka kaunta bila kutazama chumba cha nyuma, na juu ya mfuniko wa dumu kulikuwa na disketi, kile kibao chembamba cha plastiki wanachohifadhia kazi yao, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. "Ya Mzee," alikuwa akisema, na kuondoka. Mburu alipita siku nyingine, akanywa chai akiwa amesimama, na kuacha disketi yake chini ya kopo la sukari. Nikawa posta. Hata stempu sikupewa.

Taabu ni kwamba disketi hizo zilikuwa zinaachana. Ya Jelagat haikuwa na "ua", ilikuwa na "pumzisha". Ya Mburu haikutaka kusikia "pumzisha". Na kama ilivyo kwa watu wasiosalimiana, tofauti moja ikazaa nyingine, mpaka Harjit akawa na Githeri mbili zisizopatana, na hakuna iliyokamilika. Yule wa Bulgaria alimwandikia kwamba jambo hilo hutokea, mifumo hugawanyika, na mara nyingi zote mbili hufa.

Ilipofika Agosti, Harjit alikuja kaunta akiwa amenyong'onyea.

"Mama, mimi natoa toleo mpya Jumamosi. Ya mwisho. Kama hawa wawili hapana kaa pamoja Jumamosi, nafunga hii kitu. Kompyuta napatia Gautam, mtoto ya ndugu yangu, atumie kwa duka yake Nyahururu."

"Utafunga kwa nini? Si wote wawili wanakuletea kazi?"

"Kidole moja hapana vunja chawa," alisema. "Na hawa vidole mbili iko kwa mikono tofauti."

Nikajua hatanii. Siku hiyo hiyo nilimpigia Jelagat simu nikamwambia aje Jumamosi, akae. Alisema ataleta maziwa kama kawaida. Nikamwambia sijamuuliza maziwa. Akasema, "Mama, usinibembeleze, nitalia, na niko staff room." Nikakata.

Mburu naye nilimkuta kesho yake mbele ya hoteli, amechuchumaa kando ya mikebe yangu. Alikuwa amekodolea macho ua moja jekundu kana kwamba lina deni naye, akigeuza kichwa huku na huku. Nilipogeuka kumhudumia mteja, nikasikia kitu kikikatika. Kurudi, ua halipo, na fundi huyo anavuka barabara akiwa amelishika kama kifaranga.

"Mburu!" nilipiga kelele. "Maua yangu yamekukosea nini?"

"Nitalipa, mathe!" akajibu bila kugeuka.

Nilimwapiza mpaka jioni. Ua ni la kutazamwa pale lilipo. Mtu mzima hang'oi ua la mwenyewe mchana kweupe.

Sasa sikilizeni alichokifanya Harjit. Katika mtandao wao, toleo jipya likitoka hutangazwa, watu wakaja kulichukua bure. Yeye akaona, kama ni la mwisho, basi na Nakuru ijue. Akaandika matangazo kwa kalamu nene, herufi kubwa, akabandika moja kwenye saiba, moja karibu na gurdwara, hekalu la Makalasinga, na moja, Mungu amsamehe, kwenye lango la soko la Wakulima. Mimi sikuliona. Nililijua Jumamosi asubuhi, nilipomkuta Wariara, muuza sukuma wiki, amesimama mlangoni na bakuli.

"Mama Wamaitha," aliniuliza kwa heshima, "disketi ni sahani ya aina gani? Mimi sina. Nimekuja na bakuli."

Nyuma yake kulikuwa na mstari wa watu. Wapagazi wa mikokoteni, wauza vitunguu, akina mama na watoto mgongoni, vijana wa kuosha magari. Mmoja alikuwa amelibandua tangazo akaja nalo kama ushahidi. Nikavaa miwani nikasoma:

GITHERI MPYA INATOKA JUMAMOSI HII. HOTELI YA WAMAITHA, SAA SITA. BURE KWA WOTE. LETENI DISKETI.

Niliingia chumba cha nyuma kwa hatua ambazo Harjit alizisikia kabla sijafika.

"Mzee, umewaambia watu nini?"

"Ukweli, mama. Githeri mpya. Bure."

"Na katika maneno haya yote, lipi linalosema kompyuta?"

Alilichukua tangazo, akalisoma, akalirudia. "Disketi," alisema kwa sauti ndogo.

Ningemfukuza, lakini watu walikuwa mlangoni na njaa haina ufafanuzi. Siku ile hakukuwa na mtu Nakuru asiyejua bei ya unga, na ukimwambia mtu kama huyo kwamba githeri aliyoahidiwa ni ya kubonyeza, utakiona cha mtema kuni. Nilikuwa na sufuria moja jikoni. Niliongeza maji, nikaongeza kabichi, nikaongeza dua. Wariara alichungulia, akaelewa nimebanwa, akaenda sokoni akarudi na sukuma. Mwingine akaleta viazi, mwingine vitunguu. Wakachangia chakula walichokuja kupewa bure, na hakuna aliyeona ajabu. Tukaweka sufuria ya pili, ile ya matanga na harusi.

Jelagat aliingia na maziwa yake. Kabla hajafungua mdomo nilimtia upawa mkononi. "Pakua," nilisema. "Sina mtu." Mburu naye akatokea, disketi kwenye mfuko wa shati, akitaka kuiacha chini ya kopo la sukari na kupotea. Nilimshika kola. "Wewe shika sahani. Na ua langu tutaliongea baadaye."

Basi wakasimama bega kwa bega mbele ya sufuria. Mmoja ananyoosha sahani, mwingine anapakua.

"Sahani," alisema Jelagat.

"Haya," alisema Mburu.

Hayo ndiyo maneno waliyosemezana, na wakayarudia mpaka mstari ulipokaribia kuisha. Nilikuwa nawatazama huku nachochea moto, roho juu. Ukaribu huo wa bega kwa bega ni mzuri, lakini hata ng'ombe wasiopatana hufungwa zizi moja.

Harjit, ambaye ni mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa, aliona watu wote hao wamekaa na hawana la kutazama. Akalibeba dude kutoka chumba cha nyuma, akaliweka kwenye meza ya katikati, akavuta waya. Alimwendea Mburu, akamchomolea disketi mfukoni bila kuuliza, akaitia. Mashine ikanguruma, ikakohoa. Skrini ikaandika: Githeri imeiva. Karibu.

Wariara alisoma kwa sauti, na watu wakacheka wakagonga meza. "Kumbe iko hata kwa kompyuta!" alisema mpagazi mmoja. "Na nyama iko?"

"Nyama toleo ijayo," alisema Harjit, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu Machi. "Sasa ngoja, naimba."

Ndani ya dude alikuwa ameweka programu yake inayopiga wimbo wa harusi wa kwao Punjab kwa ile spika ndogo ya ndani, tii, ti-tii, ti. Ulianza vizuri. Vijana wa kuosha magari waliinua mabega wakaanza kucheza wakiwa wamekaa. Halafu wimbo ukafika mahali ukakwama kwenye sauti moja, nyembamba, kali, haipandi haishuki. Tiiiiiiiiii. Watoto wakaziba masikio. Mbwa wa nje akajiunga. Kamaljit, mkewe Harjit, ambaye alikuwa amefuata tangazo la kwenye gurdwara akijua kabisa ni upuuzi wa mumewe, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Chomoa waya!" watu wakapiga kelele.

"Hapana!" Harjit alikuwa ameikingia soketi kwa mwili wake mzima, kilemba kimeinama upande mmoja. "Iko andika kwa disketi! Nitapoteza yote! Fundi! Mwalimu!"

Mburu alikuwa na sahani mikono yote miwili. Jelagat ndiye aliyekuwa karibu na meza.

"Mwalimu," alisema Mburu, "andika."

"Niandike nini?" Alijua vizuri.

"Unajua."

"Nilisema sitaliandika."

Nilisogea karibu nikiwa na mwiko mkononi. Sikujua nitaufanyia nini. Nilijua tu kwamba huyu mwalimu akigeuka akatoka kwa mlango ule, Githeri imekwisha, na meza yangu imekwisha.

"Najua vile ulisema, na najua vile nilisema," Mburu alimwambia, akipaza sauti juu ya kelele ya mashine. "Mimi niko pale pale. Na wewe uko pale pale, sikuombi utoke. Lakini andika, Mwalimu. Hii disketi ni ya juzi. Niamini mara moja tu."

Jelagat alimtazama. Akaweka upawa chini, akafuta vidole kwenye leso yake kimoja kimoja, akaandika herufi ya kwanza. Akangoja. Akaandika ya pili, na jina la wimbo, akabonyeza.

Kelele ilikatika. Kimya kikaingia hotelini, hata mbwa akatulia. Na kwenye skrini, mstari baada ya mstari, kwa vinyota vidogo vidogo, kitu kikaanza kujichora kutoka juu. Petali, petali nyingine, duara la katikati. Nililitambua kabla halijaisha, kwa maana nililipanda mimi. Lilikuwa ua langu jekundu la mkebeni, isipokuwa hili lilikuwa la kijani kama maandishi yote ya dude hilo. Chini yake pakaandikwa: Wimbo umepumzika.

Wariara ndiye aliyesema kwanza. "Ua!"

"Ua!" akasema mtoto mmoja, akipanda juu ya benchi. "Mama, ona ua!" Na watoto wengine wakaanza, na vijana nao, kwa utani tu, wakigonga vijiko: ua, ua, ua!

Nilitaka kuwanyamazisha wote kwa mwiko. Nilimtazama Jelagat, naye alikuwa amesimama wima, mkono mdomoni, akilisikia neno lile likitoka kwenye vinywa vya watu wa Nakuru, watu wengi, kwa pamoja, na watoto wakinyoosha vidole. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta. Mburu hakuthubutu kumkaribia. Alisimama na sahani zake kama mtu aliyeleta posa na hajui kama amekubaliwa.

Jelagat akainama, akatazama skrini kwa karibu. Akavuta kamasi.

"Fundi," alisema, "hili ua halina shina."

"Nafasi iliisha, Mwalimu. Screen ni ndogo."

"Nafasi haikuisha. Umeacha mistari mitupu huku juu, ungeanza hapa. Hesabu gani hii?" Akavuta kiti, akakaa, akajisogezea kibodi. "Sogea."

Mburu akasogea.

Nilimpakulia Mzee Harjit kwanza, kwa sababu alikuwa amekaa sakafuni pale pale penye soketi. Kisha niliweka sahani mbili kando ya kibodi, nikawaambia wote watatu kwamba atakayemwagia hilo dude mchuzi atanijua mimi ni nani. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu shina.

Gautam wa Nyahururu hakupata kompyuta. Ua langu sijalipwa mpaka leo. Toleo lililofuata lilikuwa na shina, na majani mawili, na kila mmoja wao anasema aliyachora yeye.